Mtoto wa Kwanza Hakumaliza Zamu ya Wadogo Zake



Alhamisi iliyopita, makuta ya likelemba yalipokwisha kutolewa na watu wameanza kukunja viti, mama mmoja alibaki nyuma. Hatutataja jina lake. Yeye mwenyewe ameturuhusu kuandika. Alifungua ncha ya kitenge, akatoa karatasi ya laboratwari iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama tembe ya kinini. Herufi mbili tu ndizo zilizopigiwa mstari: SS. Ni za mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka miwili na nusu. Yeye na bwana wake walipimwa pia, na wote wawili ni AS. Na tumboni kuna mwingine, wa miezi sita.

"Mwalimu, muganga alituambia hatari ni moja juu ya nne," akasema. "Sasa ile moja imekwisha kutoka. Huyu na wawili watakaomfuata watakuwa wazima, si ndiyo?"

Tulinyamaza. Alidhani tunahesabu. Kumbe tulikuwa tunasikia sauti yetu wenyewe, maana neno hilo hilo lilisemwa nyumbani kwetu miaka tisa iliyopita, na aliyelisema alikuwa mwalimu wa matematiki mwenye diploma ya ISP, ambaye juma lile lile alikuwa amefundisha probabilite mbele ya darasa zima na kuwapa wanafunzi sifuri kwa kukosea.

Mwalimu huyo ni sisi. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti juma hili, badala ya ile habari ya uniforme tuliyoahidi.

Binti yetu wa kwanza alipofikisha miezi minane, mikono na miguu yake ilivimba. Haikuwa kidonda wala mdudu. Tulipomgusa alilia, tulipomwacha alilia. Mama mkwe alitazama, akasema kuna jambo katika ukoo wetu sisi, upande wa mama, na kwamba kwao hawajaona kitu kama hicho. Jirani akatupeleka kwenye chumba cha maombi. Tulikwenda, na hatuna haya kusema. Mzazi ambaye mtoto wake analia huenda kila mahali anapoonyeshwa kwa kidole. Baada ya majuma matatu baba watoto akasema inatosha, akakopa makuta kwa rafiki yake, tukashuka hospitali.

Kipimo kilichofanywa kinaitwa elektroforezi. Wengi wenu mnajua herufi zake, lakini tuziseme tena kwa ajili ya wale wanaozisikia tu. Ndani ya damu kuna kitu kinachobeba hewa kinaitwa hemoglobini. Kila mtu ana maandiko mawili ya kuitengeneza, moja amepewa na mama yake, moja na baba yake. Andiko zuri tunaliita A. Andiko lililobadilika tunaliita S. Mwenye AA hana shida hii. Mwenye AS anaishi vizuri, analima, anabeba mzigo kutoka Kadutu mpaka nyumbani, anazaa, na anaweza kuzeeka bila kujua kwamba amebeba S moja. Mwenye SS ndiye mgonjwa: chembe zake za damu zinapinda kama mundu, zinakwama katika mishipa midogo, na zinakufa mapema kuliko za wengine. Wa kwanza kuandika habari ya chembe hizo zenye umbo la mundu katika jarida la waganga alikuwa James Herrick, huko Chicago, mwaka 1910. Lakini babu zetu walikuwa wanazika watoto wa ugonjwa huu muda mrefu kabla ya hapo, na walikuwa na majina yao.

Muganga aliyetupokea alikuwa na watu wengi mlangoni. Hatumlaumu. Alituambia: "Ninyi wawili ni AS. Hatari ni moja juu ya nne." Akaandika, akapiga muhuri, akaita mwingine.

Mvua ilikuwa inanyesha. Tulisimama chini ya bati la duka moja, mtoto mgongoni, na pale pale sisi na baba watoto tukafanya hesabu. Moja juu ya nne. Tunataka watoto wanne. Kwa hiyo mmoja atakuwa mgonjwa na watatu watakuwa wazima. Mgonjwa amekwisha kuja. Baba watoto akasema, "Basi tumekwisha kulipa." Sisi tukaitika. Tulirudi nyumbani tukiwa na huzuni kwa ajili ya yule mmoja, lakini pia, lazima tuseme, tukiwa na namna ya faraja kwa ajili ya wengine.

Wa pili akazaliwa, msichana, akawa mzima. Tukaona kama ushahidi kwamba hesabu yetu ni sawa. Wa tatu akazaliwa, mvulana. Hatukumpima. Hatukumwambia hata mkunga katika materinite kwamba sisi ni AS wote wawili. Ya nini, kama zamu imekwisha?

Kuna jambo ambalo hatukulijua wakati ule. Katika miezi ya kwanza mtoto bado ana damu aliyotoka nayo tumboni, yenye hemoglobini ya namna nyingine, na hiyo inamkinga. Ndiyo maana mtoto mwenye SS anaonekana mzuri kabisa, ananyonya, anacheka, na ugonjwa unajificha mpaka miezi sita hivi au zaidi. Mvulana wetu alifikisha miezi kumi na moja. Usiku mmoja homa ilipanda, midomo ikawa myeupe, tumbo likavimba upande wa kushoto. Tulipofika hospitali walituuliza kama kuna mwenye SS nyumbani. Tukajibu: "Ndiyo, lakini ni mwingine."

Mjomba wake alitoa damu. Mtoto aliishi. Leo ana miaka mitano na anatushinda kwa maneno. Lakini ile miezi kumi na moja alikaa bila penisilini, bila chandarua cha uhakika, bila mtu wa kumtazama macho kila asubuhi, na sababu yake haikuwa umaskini wala kutojua kusoma. Ilikuwa hesabu mbaya iliyofanywa na mwalimu wa hesabu.

Majuma mawili baadaye tulikuwa tunasahihisha intero za darasa la tano. Swali lilikuwa lile la siku zote, mnaweza kulikuta katika kaye ya mtoto yeyote wa sekondari: mfuko una mipira minne, mmoja mwekundu na mitatu meupe. Unavuta mmoja, ni mwekundu. Je, utakaovuta mara ya pili una bahati gani ya kuwa mwekundu? Na swali lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inasema *bila kurudisha*: mpira mwekundu umebaki nje, ndani kuna meupe mitatu, bahati ni sifuri. Sehemu ya pili inasema *baada ya kurudisha*: mpira umerudi mfukoni, mfuko uko vile vile ulivyokuwa, na bahati ni moja juu ya nne kama mwanzo.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amejibu sifuri katika sehemu zote mbili. Tulikwisha kuandika msalaba mwekundu pembeni mwa jibu lake, ndipo mkono ukasimama. Alikuwa amefanya kosa letu. Sisi tulidhani tumbo la mama ni mfuko wa bila kurudisha. Tulidhani ndani yake kuna watoto wanne waliokwisha kupangwa, watatu hivi na mmoja vile, na kila anayetoka anapunguza waliobaki. Lakini sivyo. Kila mimba, baba anatoa moja katika maandiko yake mawili, mama anatoa moja katika yake mawili, na maandiko yao yanabaki kamili kama yalivyokuwa. Mpira umerudi. Mtoto wa pili hajui kama wa kwanza ni SS.

Tumejiuliza sana tangu siku ile kwa nini kosa hili linaingia kirahisi hivyo katika kichwa cha mama, hata mama aliyesoma. Na tunafikiri tumepata sababu moja. Ni kwamba tunaishi kwa likelemba. Katika likelemba, wamama ishirini wanatoa dola tano kila juma, na kila juma mmoja anachukua mia. Ukishachukua, umechukua, unakaa unangoja wengine wamalize. Zamu ya kufua, zamu ya maji, zamu ya kufagia kanisa, zote ni hivyo. Mambo mengi mazuri tuliyo nayo yanakwenda kwa zamu, bila kurudisha, na ndiyo haki yenyewe. Kwa hiyo tukisikia "moja juu ya nne" tunasikia zamu. Ugonjwa hauna zamu. Hautunzi kaye ya waliokwisha kuchukua.

Tulimwambia yule mama: "Mama, hapana. Huyu wa tumboni naye ana moja juu ya nne. Ile ile." Alitutazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Maneno hayakutosha, tuliona. Kama yangetosha, sisi wenyewe yasingetupata.

Mama prezidante, ambaye masikio yake mnayajua, alikuwa karibu. Hakuuliza kitu juu ya karatasi. Aliita watu warudishe viti, akasema mwalimu ana mchezo. Mama anayeuza maharage akatoa kopo lake. Tukachukua vifuko viwili vya kitambaa, kimoja tukakiita baba, kimoja mama. Ndani ya kila kimoja tukaweka harage moja jeupe na moja jekundu, za ukubwa mmoja, ili vidole visijue. Nyeupe ni A, nyekundu ni S. Kanuni ni hii: unafumba macho, unavuta moja katika kila kifuko, unaonyesha, tunaandika, *unarudisha*, unatikisa, unavuta tena. Mara nne, watoto wanne. Kila mama afanye familia yake.

Fanyeni nyumbani. Haigharimu kitu, na maharage yanarudi katika sufuria.

Wa kwanza kuvuta alipata meupe mawili, halafu mchanganyiko mara tatu. Akapigiwa vigelegele kama bibi harusi. Wa pili alipata mekundu mawili mara ya kwanza, kisha wengine watatu wazima, na wote wakasema, "Mnaona! Moja juu ya nne!" Hapo tukaogopa kidogo, maana mchezo ulikuwa unataka kutufundisha uongo. Lakini wa sita, mama kijana, alivuta mekundu mawili, akarudisha, akavuta mekundu mawili, akarudisha, akatikisa sana, akavuta tena mekundu mawili. Chumba kikanyamaza. Mtu mmoja nyuma akasema angalieni vizuri kifuko, pengine kuna mekundu tupu. Tukafungua. Kulikuwa na moja jeupe na moja jekundu, kama mwanzo.

Wamama ishirini, watoto themanini. Tuliandika yote juu ya tablo, na hii ndiyo hesabu ya siku ile: familia 5 hazikupata mtoto wa SS hata mmoja, familia 9 zilipata mmoja, familia 4 zilipata wawili, familia 2 zilipata watatu. Jumla watoto wa SS ni 23 katika 80. Moja juu ya nne ya themanini ni 20, kwa hiyo hatukuwa mbali. Lakini tazameni: familia 9 tu katika 20 zilipata ile "mmoja na watatu" ambayo sisi na baba watoto tuliahidiana chini ya bati la duka. Familia 11 zilipata kitu kingine.

Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa bahati ya siku ile. Basi hesabu ya karatasi ni hii, na watoto wenu wa sekondari waihakikishe. Bahati ya mtoto mmoja kukosa SS ni tatu juu ya nne. Ya wote wanne kukosa ni tatu juu ya nne mara nne, yaani 81 juu ya 256. Katika familia mia za namna yetu zenye watoto wanne, kama 32 hazitaona ugonjwa, 42 zitakuwa na mgonjwa mmoja, na 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Na kwa aliyekwisha kupata wa kwanza mgonjwa na anataka watatu wengine: bahati ya wote watatu kuwa wazima ni 27 juu ya 64, haifiki hata nusu. Sisi tuliichukua kuwa hakika.

"Moja juu ya nne" inasema ukweli juu ya watoto wengi pamoja. Watu elfu wakivuta maharage, itakaribia kabisa. Jacques Bernoulli wa Basel alithibitisha jambo la namna hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1713, yeye akiwa amekwisha kufa. Lakini haitoi ahadi yoyote kwa nyumba moja. Nyumba ina vidole vinne tu vya kuvuta.

Mama mmoja, mwenye kichwa cha biashara, alitusimamisha hapo. Alisema: "Mwalimu, kuna AA, kuna AS, kuna SS. Mambo ni matatu. Kwa nini si moja juu ya tatu?" Tulifurahi, maana swali hili ni la heshima kubwa. Mfaransa Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wakubwa wa matematiki wa wakati wake, alikosea karibu hivyo hivyo mwaka 1754 katika ile Encyclopédie yao. Aliulizwa bahati ya kupata uso wa sarafu angalau mara moja ukiirusha mara mbili. Akahesabu mambo matatu, akajibu mbili juu ya tatu, wakati jibu ni tatu juu ya nne. Alihesabu majina, hakuhesabu njia. AS ina njia mbili za kuja: A ya mama na S ya baba, au S ya mama na A ya baba. Hesabuni kwa vidole: njia ni nne, na mbili ni za AS.

(Hapa tuseme jambo la pembeni. Vitabu vya shule vinapenda sarafu, lakini hapa kwetu franka zetu ni karatasi tupu, na mtoto ambaye hajavuka kwenda Rwanda pengine hajashika sarafu. Mwaka mmoja tukatumia vifuniko vya chupa. Wanafunzi waliandika jibu kabla ya kurusha: pande mbili, kwa hiyo nusu kwa nusu. Tukarusha mara mia, kikaangukia upande mmoja mara 63. Tangu hapo hatuwafundishi tena kwamba mambo mawili yakiwezekana lazima yagawane sawa. Inabidi kwanza utazame kifuniko.)

Yule mama wa karatasi alivuta katika zamu yake kama wengine, hakuna aliyejua. Familia yake ya kwanza: mmoja AA, wawili AS, mmoja SS. Akaonekana kupumua. Halafu akaomba avute nne nyingine, nje ya hesabu. Akapata SS wawili. Akakaa chini, akashika lile harage jekundu muda mrefu.

Vifuko viwili vilifundisha na jambo lingine ambalo hatukulipanga. Mama mmoja mtu mzima, bibi wa wajukuu tisa, aliinua mkono, akauliza: "Kwa hiyo mekundu mawili hayawezi kutoka katika kifuko kimoja?" Tukamjibu hapana, shikamoo bibi, lazima moja litoke kwa baba na moja kwa mama. Akakaa kimya, kisha akasema yuko mkamwana aliyefukuzwa kwao kwa sababu hiyo, miaka mingi iliyopita, na kwamba yeye bibi alikuwa upande wa waliofukuza. Hakuna aliyesema neno. Nyumbani kwetu mama mkwe alikuja kupimwa mwenyewe, bila kuombwa, na alikuwa AS. Hajazungumza tena habari za ukoo wetu. Na sisi hatujamkumbusha.

S hiyo si laana ya mtu. Waganga wamejua kwa miaka mingi kwamba mwenye AS anakingwa na malaria kali kuliko mwenye AA, na ndiyo sababu S imebaki nyingi katika nchi zenye mbu wengi kama yetu. Kongo ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi wa SS duniani. Babu aliyetuachia S pengine ndiye aliyepona malaria wakati ndugu zake walikufa. Tunapomweleza binti yetu kwa nini anaumwa mifupa, tunamweleza na hilo.

Wa pili wetu, yule mzima, tulimpima baada ya mdogo wake kuugua. Kabla ya jibu, baba watoto aliuliza ana bahati gani ya kuwa amebeba S. Tukajibu upesi nusu. Tukakosea tena! Nusu ni ya mtoto asiyejulikana. Yeye alikuwa anajulikana kuwa si SS; ile njia moja tayari imefutwa, zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo ni AS. Mbili juu ya tatu. Jibu lilitoka AS. Karatasi yake tumeiweka pamoja na kadi ya ubatizo, na siku atakapoleta kijana nyumbani, karatasi hiyo itatoka kabla ya mahari.

Tumeulizwa pia siku ile juu ya mama mwenye wasichana watano ambaye bwana wake anasema wa sita lazima awe mvulana, na asipokuwa, ataoa mwingine. Tunajibu kwa ufupi kwa kuwa nafasi inakwisha: mpira umerudi, ni karibu nusu kwa nusu kama mara ya kwanza, na kifuko kinachoamua hapo ni cha baba.

Sasa yule mama. Hatukumwambia azae wala asizae. Hiyo si kazi ya mwalimu, na si kazi ya hesabu. Mimba iko, ina miezi sita. Tulimwambia tunachokijua. Tatu juu ya nne mtoto hatakuwa mgonjwa, na hilo ni neno la kweli, alishike. Moja juu ya nne atakuwa, kwa hiyo tangu siku ya kuzaa awaambie waganga kwamba wazazi wote ni AS, ili wao waseme mtoto apimwe lini na kwa kipimo gani. Aulize elektroforezi, kwa sababu kile kipimo cha bei ndogo kinaonyesha tu kwamba S iko. Hakitengi AS na SS. Akiwa SS, apewe penisilini mapema kama watakavyoagiza, apate chanjo zote, alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, asipigwe na baridi yetu hii ya Bukavu, na homa yoyote iwe safari ya hospitali siku ile ile. Binti yetu alianza hivyo kwa kuchelewa, na mdogo wake kwa kuchelewa zaidi, na wote wawili wako darasani juma hili.

Aliomba vile vifuko viwili, aende navyo nyumbani. Bwana wake ni dereva, hapendi kuambiwa mambo na walimu.

Jumatatu mtoto wa jirani yake alituletea vifuko pamoja na karatasi iliyochanwa katika kaye. Kulikuwa na vijiti vilivyopangwa vitano vitano, kwa mkono wa mwanaume, biki ikigandamiza sana. Alikuwa amevuta mara arobaini. SS kumi na mbili. Chini yake aliandika, si kwa mkewe bali kwetu: laboratwari inapokea watoto wachanga siku gani?

Katika kifuko cha baba harage jekundu halikuwamo. Mtoto aliyetumwa alisema alilila njiani.